Mti Wenye Jina la Sumu

Nilipofika Maskati mwaka wa sitini na nne nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mume mpole, mama mkwe asiyekuwa mpole, sanduku moja la nguo, na kamusi ya Kiingereza nene kama tofali. Ile kamusi niliibeba mwenyewe mapajani safari nzima. Mama mkwe hakunisamehe. Kila alipokumbuka sufuria yake kubwa ya biriani, iliyobaki Unguja juu ya rafu kwa sababu mizigo ilizidi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama leo tutapikia ndani ya kitabu.

Kwetu nilikuwa mwalimu wa skuli. Huku hapakuwa na skuli ya wasichana, kwa hiyo sikuwa na wanafunzi, na mwalimu asiye na wanafunzi ni mtu wa hatari nyumbani. Nilimsahihisha mume wangu namna ya kushika kalamu. Nilimweleza mama mkwe kwa nini maji yanachemka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba yeye alikuwa akichemsha maji kabla mama yangu hajaolewa.

Tulikaa Ghubra, katika nyumba ya udongo ya jamaa wa mume wangu. Ghubra ya siku hizo ilikuwa mitende, visima na njia za punda. Maduka na skuli na barabara ya lami vilikuja baadaye. Nyuma ya nyumba tulikuwa na bustani ndogo: mitende minane, mdimu mmoja mkubwa, na kisima chenye maji ya chumvichumvi. Upande wa pili wa ukuta alikaa jirani yetu, Mbulushi mmoja na mkewe, aliyelima majani ya kulishia ng'ombe na kuyapeleka Matrah kwa gari lake la mizigo.

Mume wangu alipata kazi ya ukarani katika kampuni ya mafuta, kwa sababu ya Kiingereza chake. Mkuu wake wa kazi alikuwa na mke kutoka Kanada, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, ambaye alikuwa akichoka kukaa ndani ya nyumba ya kampuni yenye mashine ya baridi. Alitaka kujifunza Kiarabu. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba mkewe ni mwalimu.

Hapa lazima niseme ukweli. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo, cha kusomea Kurani, pamoja na maneno ya amri na ya chakula niliyokuwa nikiyasikia kwa wazee. Ningeweza kukataa. Badala yake nilivaa vizuri, nikapanda gari la kampuni, nikaenda kufundisha. Mchana uliotangulia kila somo nilimkalisha mama mkwe jikoni na kumuuliza: hiki wanakiitaje, kile wanakiitaje. Yeye Kiarabu alikinyonya kwa mama yake, aliyetoka milimani huko bara ya Omani, tena zamani sana. Nikayaandika maneno yake, na kesho yake nikayafundisha kama yangu. Baada ya miezi sita yule bibi wa Kanada alikuwa akiwaamkia wapishi wa kampuni kwa lugha ya ajuza wa milimani aliyezaliwa karne iliyopita. Wapishi walimpenda sana. Mimi nilipokea sifa.

Mwishoni mwa sitini na saba mkataba wa mumewe ulimalizika, wakafunga mizigo. Siku ya kuagana alinipeleka kwenye dirisha la chumba chake cha kulala. Palikuwa na mkebe wa kahawa, na ndani yake mti mdogo, wa shibiri moja na nusu, wenye majani membamba mafupi yaliyolala safu mbili, kijani juu na michirizi myeupe chini. Ncha yake ilikuwa imeinama kidogo kama mtu anayeona haya.

"Nimekuja nao mkononi kutoka kwetu," akaniambia. "Umeishi mwaka mzima hapa dirishani. Siwezi kurudi nao. Wewe unajua miti?"

"Najua," nikasema.

Sijui kwa nini. Kwetu tulikuwa na mikarafuu, ndiyo, lakini mimi kazi yangu katika mikarafuu ilikuwa kukaa chini yake na kusoma. Sijawahi kupanda hata kitunguu. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na yule bibi akaanza kunieleza: mti huu unapenda kivuli, unapenda udongo wenye unyevu siku zote, haupendi chumvi, haupendi upepo mkavu, na zaidi ya yote haupendi joto. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, nje ya dirisha jua la Maskati likiwa linapasua mawe.

Nikamuuliza jina lake. Akasema: hemlok.

"Aa," nikasema, kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki yake wa zamani.

Nilirudi nyumbani na mkebe mapajani. Mama mkwe alikuwa uani akichambua mchele.

"Nini hicho?"

"Mhemloki," nikasema. Niliupa jina la Kiswahili hapo hapo, na m- yake mbele, kwa sababu kwetu nilikuwa nikifundisha watoto ngeli na sikutaka mti wangu ukose yake.

"Unazaa nini?"

"Hauzai kitu, Mama. Ni mti wa kutazama."

Aliutazama. Kisha akauliza kama tumemaliza kuutazama, maana anahitaji msaada wa mchele.

Nikawa mtunza mti. Niliuweka chini ya mdimu, penye kivuli kizito kabisa, nikauhamishia kwenye mtungi mkubwa uliovunjika shingo. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, kwa hiyo niliupa maji ya kunywa, yale tuliyoletewa kwa punda kutoka kisima kitamu. Mama mkwe alihesabu kwamba mti ule ulikuwa unakunywa kuliko mume wangu. Nikatundika juu yake jahla, ule mtungi mdogo wa udongo wa kupozea maji, ukawa unauvujia tone tone mchana kutwa. Majirani walipokuja niliwapitisha bustanini na kuwaeleza habari za misitu ya baridi kana kwamba nilizaliwa huko. Mke wa Mbulushi aliuliza kama mti ukikua utatoa kivuli. Nikamwambia unaweza kufika urefu wa minara miwili. Akapima kwa macho kutoka mtungini mpaka mbinguni, akanywa kahawa yake.

Kiangazi cha sitini na nane niliuingiza ndani, katika chumba chetu cha maji, mahali pa baridi kuliko pote, penye mitungi na sakafu yenye unyevu. Nikaufunika gunia lililolowekwa. Mara tatu kwa siku nikilowesha gunia. Mume wangu alirudi kazini siku moja, shati limemganda mgongoni, akatukuta mimi na mti tumekaa pamoja chumbani humo, mimi nikiupepea.

"Na mimi je?" akauliza.

Nikampa pepeo ajipepee mwenyewe.

Mti haukufa. Ulipoteza majani upande mmoja, lakini ilipofika Novemba, upepo ulipopoa, ukachipua vichipukizi vipya vya rangi ya embe bichi lililomenywa. Nilivimba kichwa, sina namna nyingine ya kusema. Nilianza kuwashauri watu juu ya mitende yao.

Mwezi wa Januari mama mkwe alishikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu kinachomkatisha maneno, na yeye hakuzoea kukatishwa maneno na mtu. Alijua dawa za miti kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Alijaribu tangawizi, alijaribu habasoda na asali, alijaribu maji ya ubani. Kikohozi kilimwachia kidogo na kurudi.

Asubuhi moja niliketi kumwandikia barua yule bibi wa Kanada, kumwarifu kwamba mti wake umechipua. Nilifika kwenye jina la mti na kalamu ikasimama. Sikujua herufi zake. Mwaka mzima nilikuwa nimelitaja kwa watu, na kamusi ilikuwa rafuni mwendo wa hatua nne, lakini sikuwahi kuifungua, kwa sababu kufungua kamusi ni kukubali kwamba hujui. Sasa nyumba ilikuwa tupu, mama mkwe yuko jikoni, hakuna anayeniona. Nikaishusha.

Nililiona neno chini kabisa ya ukurasa, na maana yake: mmea wenye sumu kali. Kisha ikaeleza kinywaji cha kuulia watu kilichotengenezwa kwa mmea huo zamani. Nikafikiria mke wa Mbulushi na watoto wake niliowapitisha bustanini. Nikafikiria ndimu tulizokuwa tukiziokota kando ya mti ule.

Nikatoka mbio kwenda jikoni kumwonya mama mkwe asije akaugusa. Nilimkuta amekaa juu ya kibao, kikombe mkononi, uso umetulia.

"Mwanangu," akasema, "ule mti wako una faida kumbe. Nimeufikicha jani, nnanusa, nnasikia harufu ya ndimu na ubani. Nikakata kijiti kimoja tu, usikasirike. Nshakunywa vikombe viwili. Kifua kimefunguka kama mlango."

Nilimpokonya kikombe.

Sitasimulia yote niliyosema, kwa sababu mengi hayakuwa maneno. Nilimwambia kwamba amekunywa sumu. Alinitazama, akatazama kikombe, akatazama tena uso wangu, na nadhani ni uso wangu uliomtisha. Mimi nilikuwa nimesoma. Ikiwa mtu aliyesoma amekuwa mweupe namna ile, basi mambo yamekwisha.

"Kitabu kimesema?" akaniuliza.

"Kitabu kimesema, Mama."

"Basi lete maziwa."

Nilileta maziwa. Nilileta samli, nikaiyeyusha ndani ya maziwa. Nilikumbuka kwamba chumvi inatapisha, nikampa maji ya chumvi, bakuli zima, kisha maziwa tena kwa kuosha ile chumvi. Alikunywa vyote bila ubishi, jambo ambalo liliniogopesha zaidi. Kisha nikapiga kelele ukutani. Mbulushi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupakia majani ya kwenda Matrah. Tukampandisha mama mkwe nyuma ya gari, juu ya majani mabichi, mkewe akamshika mkono huu na mimi ule. Kabla ya kupanda alitaka abadilishe buibui, avae jipya; akasema akifa hospitali hatakubali kufa na la jikoni. Tukamsubiri.

Njia ya Matrah ilikuwa ya vumbi na mashimo, na maziwa ya samli hayakuumbwa kwa njia ya namna hiyo. Hatukuwa tumefika hata Ruwi alipoanza kutapika. Alitapika juu ya majani ya Mbulushi, juu ya buibui jipya na, kwa sehemu kubwa, juu yangu. Katikati ya kutapika alitoa wosia. Bangili zake za dhahabu apewe binti yake aliyebaki Unguja. Mswala wake apewe mume wangu. Mimi aliniachia sufuria ya biriani, akitokea mtu wa kuileta.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, mgeni kutoka nchi za baridi, mwenye nywele za mvi zilizofungwa nyuma. Alianza kumuuliza mama mkwe kwa Kiarabu chake cha kujifunza. Nilimkatiza. Nilitaka ajue kwamba hapa kuna mtu anayejua Kiingereza.

"Amekunywa hemlok," nikamwambia kwa Kiingereza, kila herufi mahali pake.

Daktari alisimama. Akamwita muuguzi, akataka mpira wa kusafishia tumbo, akamshika mama mkwe mkono kutafuta mapigo yake. Akaniuliza saa ngapi, kiasi gani, na imetoka wapi. Nikamwambia imetoka bustanini kwangu. Akageuka kunitazama.

"Hapa Maskati?"

Nilifungua kitambaa. Hilo moja nililifanya sawasawa: nilikuwa nimekuja na kijiti cha mti. Daktari alikichukua, akakigeuza, akaona michirizi myeupe chini ya majani. Akakifikicha, akakinusa. Kisha akavuta kiti akakaa, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Akaniambia taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto. Jina hilo ni la vitu viwili. Kuna mmea mdogo wa mabondeni, wenye maua meupe, huo ndio wenye sumu. Na kuna mti mkubwa wa milimani, wa jamii ya misonobari, ulioitwa jina hilo kwa sababu majani yake yanafanana harufu na ule mmea. Mti hauna sumu hata kidogo. Bibi yake mwenyewe alikuwa akiwapikia chai ya majani yake kila kipupwe, kwa ajili ya kifua.

"Anachoumwa sasa hivi," akasema, "ni maziwa."

Mama mkwe alikuwa amelala kitandani, macho yanatutazama mmoja mmoja. Kiingereza hajui. Mke wa Mbulushi alikuwa mlangoni ameshika viatu vya watu wote.

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nayo ilikuwa nafasi nzuri, daktari yuko pale, mgonjwa yuko hai. Nikatazama buibui lake lililoharibika. Nikafikiria miaka mitano ya maji yanayochemka.

"Anasema tumewahi, Mama," nikamwambia. "Tungechelewa kidogo tu, ingekuwa mengine."

Alifumba macho, akasema alhamdulillahi. Kisha akanishika mkono, na hakuuachia mpaka Ghubra.

Jioni ile mume wangu alirudi, akasikia habari yote kwa mama yake, iliyokwisha ongezwa chumvi nyingine. Alinipongeza mbele yake. Baadaye nilimkuta amesimama kwenye rafu. Kamusi ilikuwa bado wazi nilipoiacha. Akaugeuza ukurasa, akasoma kwa muda, akaifunga na kuirudisha mahali pake.

"Maana ya pili iko upande wa nyuma," akasema.

"Najua."

"Vizuri," akasema, akaenda kunawa mikono. Hakulitaja tena neno hilo.

Nikawa shujaa. Wanawake walikuja kumpa pole mama mkwe kutoka Azaiba na kutoka Matrah, na kila aliyekuja alisikia jinsi mke wa mwanawe alivyofungua kitabu na kuiona sumu. Kamusi ikatolewa, ikashikwashikwa kwa heshima. Habari ya sufuria haikutajwa tena. Wiki ya pili aliniita chumbani, akafungua fundo la kanga yake, akanipa funguo za ghala, zile za mchele na samli na sukari, maana tangu afe mama mkwe wake yeye hakumwachia mwanamke mwingine funguo za ghala lake, iwe Unguja au huku.

"Nilikuwa nakuona msomi mtupu," akaniambia. "Nimekosa. Chukua."

Nilizichukua. Zilikuwa nzito na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akasema, "Na ule mti ung'olewe leo, uchomwe moto."

Hilo sikulipigia hesabu. Nilisema moshi wake unaweza kuwa na sumu pia. Akasema basi uzikwe. Nikasema unaweza kuingia kisimani. Alizidi kunitazama kwa heshima kwa kila uongo, na kila uongo ulikuwa unahitaji mwingine wa kuushika mkono. Mwishowe nilimwambia nitautupa mbali mwenyewe, mtu mwingine asiuguse. Nikaubeba na mtungi wake, nikaupeleka nyuma ya kibanda cha kuogea, nikaufunika kwa majani ya mtende. Kwa wiki tano nilikuwa naingia kuoga mara nne kwa siku. Mama mkwe aliwaambia watu kwamba tangu siku ile nimekuwa mtu wa udhu sana.

Kikohozi kilirudi mwezi wa Machi. Kilirudi vibaya, akawa hali chakula, mbavu zinamuuma, na tangawizi haikumsaidia kitu. Alasiri moja alikaa nyuma yangu jikoni akapumzika kati ya kikohozi na kikohozi, akasema kama mtu anayezungumza na nafsi yake:

"Ajabu yake ni kwamba ile sumu ilinifaa. Saa ile moja nilipumua."

Nilikwenda nyuma ya kibanda. Nikakata kijiti, nikarudi nacho hadharani, nikakitia kwenye birika mbele yake. Alinitazama. Nikamimina kikombe, nikapuliza, nikanywa.

"Unafanya nini weye?"

"Nakunywa, Mama."

"Si ile?"

"Ndiyo ile. Haina sumu. Haikuwa nayo hata siku ile. Daktari aliniambia pale pale, nami nikakudanganya."

Maji yalikuwa yanaendelea kuchemka, na mara hii sikuwa na maelezo.

"Kwa hivyo yale maziwa?"

"Hayakuwa na haja."

"Na samli?"

"Nayo."

"Bakuli la chumvi?"

"Na chumvi, Mama."

"Na nikatapika njia nzima juu ya majani ya watu, na mke wa jirani ananitazama."

"Ndiyo."

"Nikagawa bangili zangu."

Alikohoa kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Yaani siku ile nilikuwa nshapona," akasema, "mpaka uliponiokoa."

Nilizitoa funguo kiunoni nikaziweka kwenye kibao. Akazisukuma kwa kidole zikarudi kwangu.

"Hizo kaa nazo. Nimechoka kupima mchele. Nipe kikombe hicho kabla hakijapoa."

Alikunywa, akanywa cha pili. Hakusema kitu kingine siku ile, wala siku iliyofuata, na nilidhani nimesamehewa. Siku ya Ijumaa wakaja wageni kutoka Matrah, nikawasikia sebuleni wakicheka mpaka mmoja wao anaomba maji. Alikuwa anawasimulia. Aliisimulia hadithi ile kwenye kila arusi na kila akiki mwaka mzima, na kila mara aliongeza bakuli moja la maziwa. Wanawake nisiowajua walinisimamisha njiani kuniuliza kama chai hii au ile ni salama. Nilistahili, na kwa kweli alikuwa msimuliaji mzuri kuliko mimi.

Mti ulirudi chini ya mdimu. Sasa ulikuwa na watunzaji wawili, na yule wa pili alikuwa na akili. Mama mkwe aliuondoa kwenye mtungi uliobana, akauhamishia kwenye mkubwa zaidi, akachanganya udongo na makumbi ya nazi yaliyosagika na majani ya mdimu yaliyooza. Alizungumza nao. Nilimsikia akiuambia, "Na mie nilitoka mbali, usijidekeze." Ukapata nguvu, ncha yake ikawa imeinama kwa uzito wa majani mapya.

Lakini kiangazi cha sitini na tisa kilikuja na upepo wa gharbi, ule wa magharibi unaotoka jangwani, ambao ukifungua mlango ni kama umefungua tanuri. Ulivuma siku nyingi mfululizo. Tuliuingiza mti chumba cha maji, tukaufunika gunia, tukapokezana kulilowesha. Gunia lilikauka kabla mtu hajarudisha bakuli. Siku ya sita majani yalianza kuwa ya rangi ya mkate. Ukiugusa yanapukutika yote kwa pamoja, bila sauti. Mama mkwe aliendelea kuumwagilia kwa wiki nzima baada ya mimi kuacha. Nilipomwambia kwamba umekufa, akasema anajua umekufa, si kipofu.

Aliyakusanya majani makavu kwenye kikopo, akayahifadhi pamoja na dawa zake nyingine.

Barua kwa yule bibi wa Kanada niliiandika mara nne. Katika ya kwanza mti ulikufa kwa ugonjwa. Katika ya pili uliliwa na mbuzi wa jirani, na hatuna jirani mwenye mbuzi. Ya tatu niliichana. Katika ya nne nilimwambia yote: kwamba sikuwahi kujua miti, na kwamba Kiarabu nilichomfundisha kilikuwa cha mama mkwe wangu.

Jibu lilifika mwanzoni mwa mwaka wa sabini, limezunguka sana njiani. Aliandika kwamba alidhani mti hautamaliza mwezi mmoja, na alinipa kwa sababu hakuweza kuutupa yeye mwenyewe. Kiarabu, aliandika, alikishuku tangu mpishi mmoja alipomwita shangazi. Ndani ya bahasha alitia picha ya nyuma ya nyumba yake. Ilikuwa na theluji, na mtu mdogo mwenye koti amesimama, na juu yake miti ya aina ile ile, mikubwa, myeusi, ncha zote zimeinama.

Mama mkwe aliishika picha karibu na macho kwa muda mrefu. Alimtafuta yule mtu mdogo kwa kidole, akapanda nacho polepole kutoka kwenye koti mpaka kwenye ncha ya mti, akashuka nacho tena.

"Na sie tulikuwa tunaufunika gunia," akasema.

Akaniuliza kama picha anaweza kukaa nayo yeye. Nikampa, akaenda nayo chumbani kwake, nami nikarudi jikoni kupima mchele wa mchana.